8 ÷ 2(2 + 2): BODMAS haitakuokoa

Kila fumbo hili linaporudi kwenye makundi ya WhatsApp ya Nairobi, wanaosema jibu ni 16 na wanaosema ni 1 hukabana koo, na pande zote mbili huapa kwa BODMAS, kifupi cha Kiingereza cha kukumbusha mpangilio wa kukokotoa.

BODMAS yenyewe hueleweka vibaya. D (division) kutangulia M (multiplication) hakumaanishi kwamba kugawanya kuna nguvu kuliko kuzidisha. Viwili hivyo viko daraja moja, na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Kujumlisha na kutoa, vivyo hivyo. Ukikazania mpangilio wa herufi, 10 − 4 + 3 itakupa 3, na hilo ni kosa: ni 9.

Sasa tazama 2(2 + 2). Alama ya kuzidisha imeachwa, na hapo ndipo desturi hutengana. Wengine huirudisha, 8 ÷ 2 × 4, wakapata 16. Wengine, kama ilivyozoeleka katika aljebra, huchukulia vilivyoshikana kuwa kitu kimoja: 8 ÷ 8, yaani 1. Hata vikokotoo havipatani. Casio fx-991ES PLUS hutoa 1, TI-84 Plus hutoa 16, na hakuna kilichoharibika.

Wa kulaumiwa ni aliyeandika swali. Shilingi 800 zikigawiwa meza 2 zenye watu (2 + 2) kila moja, hakuna atakayedai kila mtu apate 1,600! Andika 800 ÷ (2 × (2 + 2)), au tumia mstari wa sehemu, juu 800, chini yaliyobaki. Kiwango cha kimataifa ISO 80000-2 kinasema wazi kwamba alama ÷ isitumike kugawanyia.