Maombi na vidonge: yanayosemwa makanisani kwetu, na yaliyo kweli

Nyanda za Juu Kusini tunaomba sana, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mikoa yetu ndiyo pia iliyobeba mzigo mkubwa wa VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kuwa kati ya watu wa miaka 15 na kuendelea, wanaoishi na maambukizi ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Kitaifa ni asilimia 4.4. Kwa hiyo mhubiri akisema ovyo kuhusu dawa, iwe Mwanjelwa, Mafinga au Makambako, mbele yake wamekaa watu ambao uhai wao unategemea kidonge cha kila siku.

Dhana ya kwanza, na ndiyo mama wa nyingine zote: "Ukimeza dawa, hujamwamini Mungu." Paulo, ambaye kwa mkono wake watu waliponywa, alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo "kwa ajili ya tumbo lako, na magonjwa yakupatayo mara kwa mara". Hakumwambia aongeze imani. Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Mfalme Hezekia alilia mbele za Bwana, akaahidiwa miaka 15 zaidi, na Isaya yuleyule aliyeleta ahadi hiyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa, siku moja, nyumba moja. Na Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa.

Dhana ya pili inagusa wengi: "Nilipimwa, virusi havionekani. Yesu ameniponya, nimeacha dawa." Hapa ni lazima tuelewane taratibu, maana anayesema hivi hadanganyi. Kweli kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, imeandikwa kuwa virusi havionekani. Dawa za kufubaza VVU (ARV) huzuia virusi kuzaliana, mpaka vinakuwa vichache kiasi kwamba kipimo cha wingi wa virusi hakivioni kwenye damu. Vingine hubaki vimejificha ndani ya chembe za mwili, vimelala. Dawa ikikatwa, huamka, na kwa watu wengi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache. Mwili haupigi kengele wakati huo. Mtu anaweza kuimba kwaya na kupanda milima ya Rungwe kwa miezi akijiona mzima, huku kinga inashuka. Tena, mtu ambaye virusi vyake havionekani na anaendelea na dawa hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Akiacha, kinga hiyo ya mwenzi wake inaondoka. Ushuhuda mmoja wa madhabahuni unaweza kuingiza ugonjwa kwenye ndoa iliyokuwa salama.

Wapo wanaosema kuhoji ushuhuda ni kumzimisha Roho. Hebu turudi kwenye Luka 17. Wakoma kumi walipopaza sauti, Yesu aliwaambia, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Kwa sheria ya Walawi, kuhani ndiye aliyekuwa mkaguzi: alitazama ngozi, akamtenga mtu siku saba, akatazama tena kabla ya kutamka kuwa ni safi. Bwana mwenyewe aliwapeleka watu wakakaguliwe. Anayeamini kweli kwamba amepona hapotezi chochote akiendelea na dawa huku akipimwa kliniki. Uponyaji wa Mungu hauogopi maabara.

Kuna na hili: "Makanisa ya mapokeo yamepoa, hayaamini uponyaji, ndiyo maana yanajenga hospitali." Neno hili linaniuma. Tangu Wamoraviani na wamisheni wa Berlin walipofika Unyakyusa mwaka 1891, Injili kwetu imetembea na huduma ya tiba. Walutheri wana Ilembula, Bulongwa, Itete na Ilula. Wamoraviani wana Isoko na Mbozi. Wakatoliki wana Tosamaganga, Igogwe na Ikonda kule Makete, ambako watu husafiri kutoka mikoa ya mbali kutafuta matibabu. Muuguzi anayekesha na mama mwenye uchungu wa kuzaa Isoko yuko kwenye huduma sawasawa na anayekesha akiomba.

"Ugonjwa wako ni dhambi yako, au laana ya ukoo." Wanafunzi walimuuliza Yesu hivyohivyo kuhusu kipofu, naye akajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Inatosha.

Kuhusu kufunga nitasema kwa ufupi. Mgonjwa wa kisukari, mjamzito na anayemeza dawa za kila siku hawalazimiki kufunga kavu. Danieli kwa wiki tatu aliacha nyama, divai na chakula kitamu, na Mungu alimsikia.

Halafu mafuta na maji ya upako yenye bei. Yakobo anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa; wao ndio wanaokwenda kwake, wanamwombea na kumpaka mafuta. Hakuna foleni ya malipo hapo. Yesu alipowatuma wanafunzi kuponya aliwaambia, "mmepata bure, toeni bure." Elisha alikataa zawadi za Naamani, na Gehazi aliyezikimbilia kwa siri aliondoka na ukoma. Sadaka ya shukrani ni kitu kingine kabisa, na kuku wa mnada baada ya ibada ni baraka. Lakini mjane kuuza debe la mahindi ili aombewe ni unyang'anyi.

Dhana ya mwisho iko vichwani mwa walioacha dawa: "Nikirudi watanifokea, na tena nimeshachelewa." Rudi. ARV hutolewa bure. Waeleze wahudumu ukweli wote, hata kwamba ni kwa ajili ya maombi uliacha. Watakupima na kukuanzishia upya inavyofaa. Usiazime vidonge vya jirani wala usianze vya zamani ulivyovificha kabatini kabla hujaonana nao. Kama unaona aibu kwenda peke yako, mwombe mzee wa kanisa au mama mmoja wa jumuiya yako unayemwamini akusindikize. Nawe mchungaji unayesoma haya, Jumapili ijayo watangazie waumini kwamba anayeombewa hapa anaendelea na dawa zake.