Tundu la dishi ni la nani?

Mpangaji ananunua king'amuzi Kariakoo Jumamosi asubuhi. Fundi anakuja jioni, ngazi inaegemezwa ukutani, na kabla mechi haijaanza dishi limeshakaa juu ya bati. Masika yakishika, dari la jipsamu linaota doa la kahawia ambalo kila mvua hulipanua. Mwenye nyumba anasema hakuulizwa, mpangaji anasema aliyetoboa ni fundi, na simu ya fundi haipatikani.

Tunaposema wajibu wa kufunga dishi katika nyumba ya kupanga, tunasema mambo matatu: nani anatoa ruhusa, nani anachagua mahali, na nani analipa kikiharibika kitu. Dishi na king'amuzi ni mali ya mpangaji. Paa na ukuta ni vya mwenye nyumba. Ugomvi hukaa kwenye tundu, maana limetobolewa na fundi, kwa faida ya mpangaji, kwenye mali ya mtu mwingine.

Kodi inakupa haki ya kukaa na kutumia chumba, haikupi ruhusa ya kutoboa jengo. Kwa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba anayepangisha sehemu tu ya jengo alitunze paa na kuta kuu za nje, isipokuwa mkataba umesema vingine. Basi anayelibeba paa lazima aulizwe kabla halijaguswa. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: "Mama, naomba kufunga dishi ukuta wa nyuma, fundi anakuja kesho." Akijibu ndiyo, usiufute.

Lakini kwa nini paa? Nadhani ni mazoea yaliyobaki tangu enzi za antena. Antena inapokea mawimbi ya mnara ulioko ardhini, kwa hiyo ukiipandisha inaruka nyumba na miti. Dishi linapokea kutoka setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mita tatu za ukuta haziongezi chochote. Linachotaka ni anga wazi upande wake. DStv hurusha kutoka setilaiti iliyo juu ya longitudo ya nyuzi 36 Mashariki, na kwa mtu wa Dar es Salaam hapo ni karibu na utosi, kwa hiyo dishi lake linaweza kufanya kazi hata uwani katikati ya nyumba zilizobanana. Azam hutumia nyuzi 7 Mashariki. Ukiwa Dar es Salaam, hiyo iko upande wa magharibi, imeinuka kama nyuzi 50 kutoka upeo wa macho, hivyo mwembe wa jirani upande huo ni tatizo kweli. Na usihukumu kwa jicho: madishi mengi ya nyumbani, yale ambayo LNB yake, yaani kile kichwa cha mbele kinachopokea mawimbi, imekaa chini kidogo ya katikati, huona juu zaidi ya yanavyoonekana kutazama.

Kwa hiyo fundi mzuri huanza kwa kuzunguka nyumba akitazama anga, ngazi baadaye. Ukuta wa tofali au nguzo ya bomba iliyosimikwa kwa zege uwani ni bora kuliko bati la geji 30, ambalo unene wake haufiki nusu milimita. Upepo ukilisukuma dishi, bati hutikisika, na dishi la sentimita 90 likigeuka nyuzi mbili tu picha inaondoka. Bati likitikisika tena na tena, matundu ya skrubu yanapanuka na maji yanapata njia. Kama paa halikwepeki, skrubu ziingie kwenye mbao, ziwe na raba, na kila tundu lizibwe siku ileile. Waya nao upinde kwenda chini kabla ya kuingia ndani, ili maji yadondokee nje. Na bomba la chuma likae mbali na nyaya za umeme za TANESCO. Hapo fundi akatae kazi hata mteja akimwongezea hela.

Akitoboa vibaya, kosa ni lake, lakini mbele ya mwenye nyumba anayejibu ni mpangaji, kwa sababu ndiye aliyemleta. Ndiyo maana mpangaji adai risiti yenye jina na tarehe, na apige picha za paa kabla na baada. Fundi aliyeletwa na kampuni iliyouza dishi, lalamiko lirudishwe kwa kampuni.

Mwenye nyumba naye asijibu "hapana" tu kisha aondoke. Aonyeshe mahali panapofaa. Mwenye wapangaji wengi wa kampuni moja anaweza kufunga dishi moja lenye LNB yenye sehemu nne za kuchomeka waya, kila king'amuzi kikavuta waya wake. Paa linapona vidonda vitatu, na gharama wanachangiana.

Siku ya kuhama, dishi ni lako, lichukue. Ila matundu uyazibe na ukuta uupake rangi, au mkubaliane kwa maandishi kwamba stendi inabaki kwa mpangaji ajaye. Fanyeni hivyo kabla hujadai pesa yako ya dhamana, wote wawili mkiwa mmesimama chini ya lile dishi.