Huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta: nafasi za utafiti baada ya uzamivu katika maabara za taifa za Marekani

Wengi waliomaliza shahada ya uzamivu katika fizikia, kemia au sayansi ya hali ya hewa hulipita tangazo la nafasi ya sayansi ya ukokotoaji, yaani utafiti unaofanywa kwa hesabu za kompyuta, wakidhani ni la watu wa kompyuta tu. Wanajinyima bure. Anayetafutwa ni mtu mwenye swali lisilojibika kwa kalamu wala kwa majaribio pekee. Nyota, kwa mfano, haiwezi kulipuliwa maabarani. Hulipuliwa ndani ya kompyuta, tena na tena, mpaka hesabu zifanane na yale yanayoonekana kwenye darubini.

Wizara ya Nishati ya Marekani ina maabara za taifa 17. Iliyoko Oak Ridge, Tennessee, ndiyo yenye Frontier, kompyuta kuu iliyotangazwa mwaka 2022 kuwa ya kwanza katika orodha ya dunia ya kompyuta zenye kasi zaidi kufanya hesabu zaidi ya bilioni bilioni kwa sekunde. Argonne, karibu na Chicago, ina Aurora. Lawrence Livermore, California, ina El Capitan. Nguvu nyingi za Frontier zinatoka kwenye vichakata vya michoro (GPU) zaidi ya 37,000, ambavyo hufanya hesabu nyingi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kazi ya mtafiti inapoanzia. Programu iliyoandikwa kwa kompyuta ya mezani haipati kasi kwa kuhamishiwa tu huko. Kazi lazima igawanywe upya, la sivyo vichakata hukaa vikisubiriana. Mara nyingi kusafirisha data hula muda mwingi kuliko kukokotoa kwenyewe. Ndiyo maana mwombaji anayeeleza programu yake ilikwama wapi, na aliikwamuaje, huvutia kuliko mwenye orodha ndefu ya lugha za programu anazozijua.

Nafasi nyingi ni za mradi: mtafiti mkuu ana fedha na kazi imeshapangwa. Nyingine ni za ufadhili wenye jina, kama Alvarez na Grace Hopper pale Lawrence Berkeley, maabara nyingine ya taifa iliyoko California, au Margaret Butler pale Argonne. Hizi humwachia mtafiti uhuru mkubwa wa kufuata swali lake, na ushindani wake ni mkali. Usizidharau zile za mradi. Ndani yake kuna wakubwa wa kukufundisha kila siku.

Mkataba kwa kawaida ni wa miaka miwili hadi mitatu, mara nyingi ukihuishwa kila mwaka, na shahada isiwe ya zamani sana. Kila tangazo lina kikomo chake. Wasio raia wa Marekani huajiriwa pia, ila ukaguzi na viza huchukua muda, kwa hiyo waanze mapema. Livermore na Los Alamos (maabara ya taifa iliyoko New Mexico) hushughulikia pia silaha za nyuklia, na baadhi ya nafasi za huko ni za raia peke yao.

Kabla ya kujaza fomu, soma makala mbili tatu za mtafiti unayetaka kufanya naye kazi, kisha mwandikie barua pepe fupi yenye swali moja linalotokana na makala hizo. Wasifu wako unaweza kusubiri hadi atakapojibu.