"Lakini Ni Saizi Yangu!"

Wiki hii wamekuja watatu. Wa kwanza na gauni, wa pili na sketi ya sufu, wa tatu na koti la kike lenye mabega kama mlango. Wote wamenipa maneno yaleyale: "Fundi, ni saizi yangu kabisa, sijui kwa nini hainikai." Wa tatu akashusha na sauti: "Au nimenenepa?" Hujanenepa, dada. Umesoma lebo tu.

Kazi yangu ni kurekebisha mitumba, hasa ile ya zamani ambayo watu wanaipenda kwa sababu hawatakutana na mwenzao kaivaa. Naielewa raha hiyo, mimi mwenyewe sijavaa shati jipya siku nyingi. Ila hii habari ya namba nimeieleza mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naiandika, ili wa nne akija nimpe asome huku mimi naendelea kushona.

Namba ya lebo si kipimo, ni jina tu ambalo kiwanda kimeipa nguo yake. Marekani waliwahi kujaribu kuyaweka sawa majina hayo. Mwaka 1939 na 1940 serikali ilipimisha wanawake karibu 15,000, na katika hesabu za mwisho vipimo vya wasio weupe viliwekwa kando. Mwaka 1958 kikatolewa kiwango cha saizi kilichoegemea vipimo hivyo, viwanda vikakifuata vilivyopenda, na mwaka 1983 kikafutwa. Tangu hapo kila mmoja na lake. Wauzaji nao waligundua zamani kwamba mteja akiingia kwenye namba ndogo anatabasamu na kulipa, basi namba zikawa zinashuka huku viuno vya nguo vinapanuka. Gauni la miaka ya 1950 lililoandikwa 12, leo duka moja litaliita 6 na jingine 4. Ukitoka Marekani mambo ndiyo yanazidi kuchanganya: nguo inayoitwa 38 Ujerumani ni 40 Ufaransa na 44 Italia, mwili ni uleule. Sasa wewe unaniambia "mimi ni 40". Ya nani?

Kupima ni kazi ya dakika tano. Chukua nguo yako inayokukaa vizuri kuliko zote, ilaze mezani, nyoosha, pima kutoka kwapa hadi kwapa, kisha kiuno, nyonga, bega hadi bega, na urefu. Andika kwenye simu. Ukienda kuchagua, beba futi, ulinganishe nguo kwa nguo. Usipime mwili wako halafu ukatafuta nguo yenye namba hizohizo, maana nguo lazima iuzidi mwili kidogo ili upumue, ukae, uiname.

Hapo kuna mawili ambayo futi pekee haikwambii. La kwanza ni kitambaa kinachovutika. Uzi wa Lycra ulibuniwa mwaka 1958 na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, na ulichukua muda kufika kwenye nguo za kila siku. Sisi tumezoea jinzi inayotusamehe. Suruali ya sufu ya mwaka 1955 haimsamehe mtu. Sentimita moja ikipungua, zipu haipandi, na ukilazimisha kinachopasuka ni kitambaa, si zipu. La pili ni kwamba gauni nyingi za enzi hizo hazikukatwa kwa mwili wa kawaida. Christian Dior, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, alipotoa maonyesho yake ya kwanza mwaka 1947, kiuno chembamba kama cha nyigu kikatawala kwa miaka kadhaa, na ndani yake kulikuwa na nguo ya kubana. Kwa hiyo unajilaumu bure mbele ya kioo, unajilinganisha na mwanamke ambaye mwenyewe alikuwa hapumui.

Sasa tuje kwenye mabega, kwa sababu hapa ndipo ninapokosana na watu.

Kiuno napunguza. Pindo napandisha au nashusha. Mkono mrefu naukata, mradi hauna vifungo na matundu halisi mwishoni. Lakini bega "kidogo tu, fundi" hakuna. Lile koti la mabega kama mlango ni la miaka ya 1980, na mwenye nalo alitaka nitoe padi, yaani vile vijito vinavyoinua bega kwa ndani, basi. Padi zinatoka kwa dakika kumi, hilo kweli. Tatizo ni kwamba aliyelikata koti lile alijua padi itakuwepo, akalipa bega mteremko mdogo sana. Ukiitoa, kitambaa kilichokuwa kimekaa juu ya padi kinakosa pa kukaa. Kinaanguka pale mkono unapoanzia, kinatengeneza mkunjo wa mshazari unaoshuka hadi kwapani, na koti zima linaonekana kama limelala nje likanyeshewa. Kulirudisha inabidi nifungue bitana, nibandue mikono yote miwili, nikate mteremko upya. Tundu la mkono hapo limeshabadilika, kwa hiyo nipunguze na kichwa cha mkono, yaani ile sehemu ya juu inayoshonwa begani, nirudishe, nifunge bitana. Na kama kitambaa ni cha miraba, miraba haitakutana tena kamwe. Nilichomfanyia ni kubadilisha padi nene kwa nyembamba. Mabega yalishuka kiasi, koti likabaki koti.

Halafu kwapa. Makoti mengi ya zamani tundu la mkono limekaa juu, karibu kabisa na kwapa, na mtu aliyezoea koti la siku hizi akilivaa anasema limembana, nilishushe apate uhuru. Mambo ni kinyume! Tundu likiwa juu, ukiinua mkono, kinachoinuka ni mkono wa koti tu, kiwiliwili kinabaki mahali pake. Tundu likiwa chini, mkono umeungana na ubavu, ukishika bomba la juu kwenye basi koti zima linakufuata na kola inapanda masikioni. Jaribu mbele ya kioo ukiwa na makoti mawili, halafu urudi tubishane. Kitambaa kikikatwa pale hakirudi, na nimeletewa makoti mazuri yaliyochongwa kwapani na mtu mwenye mkasi na nia njema, sikuwa na la kuyafanya. Kama kweli linabana, mwambie fundi atazame kwanza mshono wa mgongoni na wa ubavuni. Nguo zilizoshonwa kwa mkono mara nyingi zimeachiwa kitambaa cha akiba ndani, wakati mwingine sentimita 2 au 3 kila upande. Zilizofungwa kwa ovaloki, ile mashine inayokata ukingo na kuuzungushia uzi, karibu na mshono hazina kitu, usizifungue.

Na kabla hujafungua chochote, tazama kitambaa chenyewe. Hariri na ngozi zinakumbuka sindano: matundu ya mshono wa zamani yanabaki yanaonekana. Pindo la zamani likishushwa linaacha mstari wa rangi, kwa sababu nje kumepauka na ndani hakujapauka. Pasi haiondoi mstari huo, usidanganywe.

Nikiri jambo. Sina hakika kila mara kama nina haki ya kukata. Nimewahi kufungua sketi nikakuta mishono ya watu watatu tofauti, mmoja kapunguza, mmoja kaachia, mmoja kapunguza tena kwa uzi wa rangi isiyofanana kabisa. Hao wote waliifanya yao, mimi ni wa nne, sioni kosa. Blauzi ya poliesta ya miaka ya 1970 naikata bila kupepesa, zipo tele. Lakini gauni lililoshonwa nyumbani, bila lebo, na mtu aliyekuwa anajifunza, maana mishono ya upande mmoja imenyooka kuliko ya upande wa pili? Hilo nalikunjia ndani, sikati, ili mwingine aweze kulifungua baadaye. Matokeo yake mshono unakuwa mnene na mteja ananiuliza kwa nini kiunoni kumevimba. Mpaka huo nimeuchora mwenyewe, na siwezi kuutetea mbele ya mtu mkali.

Hata hii sheria yangu ya nguo kukaa mwilini iliwahi kuniumbua. Alikuja binti mmoja mfupi, mwembamba, na koti zito la kiume la sufu. Bega lilikuwa limeshuka karibu theluthi ya njia kwenda kwenye kiwiko, mikono imefunika vidole. Nikamweleza kwa robo saa nzima kwa nini hakuna fundi atakayelipunguza likapona. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema hakuja kulipunguza. Akakunja mikono mara mbili, bitana ya milia ikatokeza nje, akainua kola, akaweka mikono mfukoni. Nilitafuta kasoro nikaikosa. Nikamuuliza ni saizi gani, akasema hajui, lebo aliikata siku aliyolinunua kwa sababu ilikuwa inamwasha shingoni. Alichotaka ni kifungo cha juu tu. Nilikisogeza sentimita 4, nikamtoza hela ya kifungo.