Vitu tunavyowawekea watu mdomoni: maswali ya wanafunzi wa meno

Kila nikipata wanafunzi wapya wa meno hapa Nairobi maswali ni yaleyale, nikaona niyajibu mara moja. Kabla ya yote shika hili: mdomo una maji saa zote, kwa hivyo kila kitu unachofundishwa kipime kwanza kwa kujiuliza, hiki na maji wanaelewana aje?

Mwalimu, mbona alginati yangu inashika kabla sijafika kwa mgonjwa?

Ni joto la maji. Alginati, ule unga tunaokoroga na maji ili kuchukua umbo la meno, inatengenezwa na mwani wa baharini, na maji yakiwa vuguvugu inaganda haraka sana. Maji ya tangi la juu ya paa saa nane mchana si sawa na yale ya asubuhi ya Julai yanayokata vidole, sasa wewe unatumia yoyote halafu unashangaa. Tumia ya baridi, koroga ukiikandamiza kwa ukuta wa bakuli mpaka madonge yaishe, na usipige stori hapo katikati.

Ukishatoa kipimo, yaani alginati iliyoshika umbo la meno, mdomoni usikiache kwa meza ukaenda chai! Kinapoteza maji, kinanywea. Nimeona mzee wa watu akirudi nyumbani bila meno yake kwa sababu kipimo kilikaa mpaka baada ya lanchi, na meno ya bandia yalipotengenezwa yakakataa kuingia. Mimina plasta upate modeli, yaani nakala ya meno, ndani ya dakika 10 hadi 15, ukichelewa kidogo kifunike na tishu yenye unyevu, lakini usikiloweke, kitavimba.

Si naweza kuongeza maji kwa plasta iwe rahisi kumimina?

Usifanye hivyo tafadhali. Gramu 100 za plasta ya kawaida zinataka kama mililita 50, ile ngumu ya stoni kama 30. Maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu ndani na modeli inakuvunjikia mkononi.

Kompositi imetoka baada ya wiki mbili, ilikuwa feki?

Kompositi ni ile ya kujaza jino inayoshikishwa na taa ya buluu, na ikitoka mara nyingi ni mate. Umeosha ile asidi tunayopaka ili kompositi ishike jino, jino limekauka likawa jeupe kama chaki, halafu mgonjwa anageuza ulimi kidogo tu... hapo rudia, usijidanganye. Sababu nyingine ni kujaza shimo lote kwa mpigo mmoja, na taa ya buluu haifiki chini. Weka tabaka za milimita 2, kwanza kompositi ikikauka inajikunja kidogo kwa hivyo tabaka ndogo zinasaidia.

Pia uliza kama jino lilikuwa na dawa ya muda yenye yujenoli. Hiyo ni mafuta ya karafuu, ndio ile harufu unayokutana nayo ukifungua mlango wa kliniki. Inatuliza jino vizuri sana lakini inazuia kompositi kukauka.

Na kijijini penye hakuna stima?

Glasi ayonoma, ya kujaza jino inayoganda yenyewe bila taa. Ilitangazwa Uingereza mwaka wa 1972, unga wa glasi na asidi, inashika jino yenyewe na kuachilia floraidi polepole. Ile mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu kisha kujaza, bila drili, ilianzia hapa jirani, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, na mimi huwaambia wanafunzi wajivunie hilo. Ukimaliza ipake vaselini, maana mate ya mapema yanaiharibu na ikikauka sana inapasuka.

Mgonjwa ana amalgamu ya zamani, ile ya kujaza jino yenye rangi ya fedha, ameskia ina zebaki, anataka itolewe. Nimwambie nini?

Mwambie ukweli: karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyofungana na fedha, bati na shaba. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unataka matumizi yake yapunguzwe kidogo kidogo mpaka iachwe, na mwaka wa 2022 nchi wanachama zilikubaliana isiwekwe kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone ni lazima. Lakini kama iliyoko ni nzima, haijapasuka wala hakuna uozo chini yake, iache. Kuichimba ndiko kunatoa mvuke mwingi wa zebaki, na unakula sehemu ya jino yenye afya bure. Mweleze polepole, mgonjwa akiwa na wasiwasi muonyeshe kwa kioo.