Kusoma jenomu ya bakteria wa mafua ya kuku: usafi wa sampuli kwanza, mashine baadaye

Kuku wa mayai wakianza kuvimba uso, macho yakagandana na pua zikatoa ute unaonuka, wafugaji wengi wa Kisauni na Likoni, hapa Mombasa, hukimbilia agroveti. Siwalaumu. Ila kwa anayetaka kusoma jenomu, yaani DNA yote ya bakteria, kuku aliyekwisha kunywa antibiotiki mara nyingi haoteshi kitu kwenye sahani. Sampuli ichukuliwe kabla ya dawa, kwa kuku wawili au watatu walio katika wiki ya kwanza ya ugonjwa.

Tunayemtafuta hapa ni Avibacterium paragallinarum, bakteria anayeleta mafua haya. Usipanguse puani, huko kuna mchanganyiko wa kila aina. Bakteria huyu hupatikana akiwa peke yake ndani kabisa ya sinasi, uwazi ulio chini ya jicho. Kuku akishachinjwa, choma ngozi ya hapo kwa kisu kilichopashwa moto, pasua kwa makasi yaliyotakaswa, kisha zamisha pamba ya sampuli hadi ndani. Bakteria huyu akiwa nje ya mwili wa kuku hufa upesi, kwa hivyo pamba iwekwe kwenye barafu na ipandwe siku hiyo hiyo. Foleni ya feri ya Likoni saa saba mchana haimhurumii mwenye kisanduku kisicho na barafu.

Panda kwenye agari ya damu (chakula cha kuoteshea bakteria), kisha chora juu yake mstari mmoja wa bakteria mwingine, Staphylococcus. Aina nyingi za Avibacterium huyu haziwezi kukua bila kupewa kirutubisho kiitwacho NAD. Staphylococcus huimwaga pembeni, na utaona vidoa vidogo kama matone ya umande vimejipanga kando ya mstari. Nyuzi 37, ndani ya mtungi uliofungwa mshumaa ukiwaka mpaka ukazimika wenyewe, saa 24 hadi 48.

Mtego uko hapo. Kitanzi cha kuchotea kikigusa ule mstari kidogo tu, umeshabeba jenomu mbili. Ya Avibacterium ina herufi za DNA (A, C, G na T) kama milioni 2.5, na G na C ni takriban asilimia 41. Ya Staphylococcus inakaribia milioni 2.8, kwa asilimia 33 hivi. Ukiunganisha vipande vya DNA ulivyosoma ukapata jumla ya milioni tano na ushei, usiilaumu programu. Dawa yake ni kupandisha tena, safari hii bila Staphylococcus: weka NADH (umbo jingine la NAD) mikrogramu 25 kwa kila mililita ya agari, pamoja na seramu ya kuku asilimia 1.

Kabla ya kutoa DNA, paka kidoa kwenye kioo na udondoshe haidrojeni peroksidi. Avibacterium paragallinarum hatoi povu. Staphylococcus hufoka papo hapo, na hata Avibacterium wengine wasio na madhara makubwa hutoa povu. Usichote agari yenyewe, kwani chembe za damu nazo hutoa povu na kukudanganya.

Kiasi cha DNA kipime kwa mashine ya Qubit. NanoDrop itumie kuangalia usafi tu: 260/280 (uwiano wa mwanga unaofyonzwa) iwe karibu 1.8, na 260/230 iwe 2.0 au zaidi kidogo. Hii ya pili ikishuka, kuna chumvi za dawa za kutolea DNA zilizobaki, osha tena. Usitikise mirija kwa nguvu, DNA hukatika. Kwa MinION, mashine ndogo ya kusoma DNA, kifurushi cha haraka chenye lebo za sampuli kinataka nanogramu 200 kwa kila sampuli. Unapopakia floseli (kadi ya MinION yenye vitundu vya kusomea DNA), kiputo kimoja cha hewa kikipita juu ya vitundu hivyo kinaviua, na havifufuki. Kwa joto letu la Januari hadi Machi, chumba kiwe na AC na kompyuta iwe na UPS.

Kina cha mara 50 (kila herufi kusomwa wastani wa mara 50) kinatosha, yaani data safi ya herufi kama milioni 125. Mimi hutumia programu tatu: Flye kuunganisha, Medaka kusahihisha, Bakta kutambua jeni. Swali la mfugaji ni chanjo: je, bakteria ni wa serova (kundi) A, B au C? Chanjo iliyouawa ya serova moja haikingi nyingine. Jeni ya kutazama ili kujua serova ni HMTp210, yenye herufi kama 6,000. Ukiikuta imekatika katikati, shuku kwanza kosa la kusoma mahali herufi moja imejirudia mfululizo, kabla ya kutangaza aina mpya. Na kwa maoni yangu, serova isitangazwe kwa jeni peke yake. Kipimo cha maabara cha kuzuia chembe nyekundu za damu kushikamana (HI) bado kina kazi.

Mycoplasma gallisepticum, bakteria mwingine anayeugua kuku njia ya hewa, ana mambo yake. Jenomu ni herufi kama milioni moja, na kwake herufi tatu UGA si alama ya kusimama bali ni triptofani (asidi amino). Weka jedwali namba 4 la kutafsiri jeni kwenye programu. Ukiacha namba 11 ya bakteria wa kawaida, jeni nyingi zitatoka vipande vipande. Familia ya jeni za vlhA inajirudia mno, vipande vifupi haviiwezi. Tena kuna chanjo hai za Mycoplasma huyu, ziitwazo F, ts-11 na 6/85, kwa hivyo muulize mfugaji kundi lilichanjwa nini na lini, kisha linganisha ulichosoma na chanjo hiyo kabla ya kuandika ripoti.