Je, picha uliyotuma WhatsApp inaweza kutaja ulipo?

Kuna onyo linalozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp: usitume picha uliyopiga nyumbani, maana yeyote atakayeipakua ataona kwenye ramani mahali unapoishi. Onyo hilo lina ukweli ndani yake, ila linamnyooshea kidole asiyehusika. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida haimfikii mpokeaji ikiwa na taarifa za eneo. Zinaondolewa njiani. Lakini picha hiyohiyo ikitumwa WhatsApp kama dokumenti, inafika nazo zote.

Tofauti ya njia hizi mbili ni kitufe kimoja, na wanaochagua ya pili huwa na nia njema kabisa: hawataki picha ipoteze ubora.

Taarifa zenyewe hukaa katika sehemu ya faili iitwayo Exif, utaratibu uliotungwa Japani na kutolewa mwaka 1995, wakati kamera ya dijitali ilikuwa bado kitu cha wachache. Shabaha ilikuwa kamera iandike yenyewe yale ambayo mpiga picha makini alikuwa akiyaandika daftarini: tarehe, kasi ya shata, uwazi wa lenzi. Toleo la mwaka 1998 tayari lilikuwa na nafasi ya kuandika mahali picha ilipopigwa, ingawa kamera zenye uwezo wa kuijaza zilikuwa adimu. Nafasi hiyo ilikaa tupu kwa watu wengi mpaka simu zilipoanza kuja na vipokezi vya GPS.

Ukiifungua picha ya JPEG, aina ya kawaida ya faili ya picha, kutoka kwenye simu kwa programu inayoonyesha baiti mojamoja, yaani namba zinazoiunda faili, utakuta inaanza na FF D8, alama ya kutambulisha kwamba hii ni JPEG. Mara nyingi inafuata FF E1, kisha herufi nne zinazosomeka bila utaalamu wowote: Exif. Halafu zinakuja herufi mbili, II au MM, zinazoielekeza kompyuta isome namba kuanzia upande upi, mabaki ya ubishi wa zamani kati ya watengenezaji wa vichakataji. Baada ya hapo ni majedwali, na mojawapo ni la GPS.

Jedwali hilo lina mambo yake. Latitudo haiandikwi kama namba moja, bali kama sehemu tatu, za digrii, dakika na sekunde, kila moja ikiwa na kiasi chake na asili yake kama hesabu za darasani. Namba hasi hazimo. Kaskazini au kusini huwekwa kando kwa herufi moja tu, N au S. Programu isipoisoma herufi hiyo, picha iliyopigwa digrii 6 kusini mwa ikweta huhamia digrii 6 kaskazini, na mwenye picha hana habari kwamba amesafiri.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Desemba 2012. John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa mafichoni kwa sababu polisi wa Belize walitaka kumhoji kuhusu kuuawa kwa jirani yake. Tarehe 3 mwezi huo jarida la Vice likaweka mtandaoni picha yake na kujitapa kwamba liko naye. Picha ilipigwa kwa iPhone 4S, na faili ilipandishwa kama ilivyotoka kwenye simu. Walioipakua walikuta imeandikwa digrii 15, dakika 39 na sekunde 29.4 kaskazini, digrii 88, dakika 59 na sekunde 31.8 magharibi. Hapo si Belize. Ni Río Dulce, Guatemala. McAfee alidai kwanza kwamba namba hizo amezichezea yeye mwenyewe, kisha akakiri kwamba ni kweli yuko Guatemala. Tarehe 5 akakamatwa kwa kuingia nchini humo kinyume cha sheria.

Zile sekunde zina uzito kuliko zinavyoonekana. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Sekunde moja ni kama mita 31, kwa hiyo sehemu moja ya kumi ya sekunde ni mita 3 hivi, upana wa chumba. Hapa lazima tuwe waangalifu: uandishi ni mwembamba kuliko kipokezi. Simu chini ya anga wazi hukosea mita 5 hivi, na katikati ya majengo marefu hukosea zaidi. Namba inaweza kutaja chumba wakati simu yenyewe ilikuwa na uhakika wa nyumba tu, au wa nyumba ya pili yake.

Sasa turudi WhatsApp. Ichukulie faili ya picha kama kifurushi. Ndani mna bidhaa, yaani piseli unazoziona kwenye kioo, na pamoja nayo imewekwa karatasi inayotaja aliyefunga ametumia kamera gani, lini na wapi. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp haikibebi kifurushi chako. Inakifungua, inatengeneza nakala nyepesi ya bidhaa ili isile bando, inaifunga kwenye kifurushi kipya, na karatasi haiwekwi tena. Kupunguza ukubwa na kuacha karatasi ni kazi mbili tofauti, kwani programu inaweza kufanya moja bila nyingine, lakini hapa zinafanyika pamoja. Mpokeaji akikagua atakuta urefu na upana wa picha, na si mengi zaidi.

Ukiituma kama dokumenti, umeiamuru WhatsApp isifungue kitu. Kifurushi kinapita kama kilivyo, na karatasi yake ndani. Telegram nayo ni hivyohivyo: ukituma kama picha inafungashwa upya, ukituma kama faili inapita ilivyo. Kiambatisho cha baruapepe kwa kawaida hupita kimefungwa. Kiungo cha hifadhi ya mtandaoni unachompa mtu apakue picha zako kwa ubora wa awali ni vifurushi vilivyofungwa, tena kwa rundo. Facebook, Instagram na X hufungasha upya kabla umma haujaiona picha, na ndiyo maana hofu ya mgeni anayepakua picha ya profaili na kusoma eneo ndani yake haina msingi mkubwa. Tovuti ndogo za matangazo na blogu ndizo za kuangalia, kwa sababu baadhi yake huonyesha faili kama ilivyopokelewa. Kilichomponza McAfee hakikuwa mtandao wa kijamii, bali ukurasa wa jarida.

Ukiielewa ile karatasi, dhana kadhaa zinaanguka zenyewe. Kukata picha pembeni hakuigusi, kwa sababu unakata bidhaa. Kutia ukungu usoni au kuficha namba ya gari hakuigusi pia. Skrinishoti ya picha, kwa upande mwingine, kwa kawaida haiibebi: umepiga picha bidhaa ikiwa mezani, karatasi imebaki kwenye kifurushi cha kwanza.

Kukata picha kuna kituko chake. Exif ina nafasi ya kijipicha, mara nyingi cha piseli 160 kwa 120, ambacho kamera hukitumia kuonyesha orodha ya picha haraka. Zamani zilikuwepo programu za kuhariri zilizobadilisha picha kubwa na kukisahau kijipicha, hivyo sehemu iliyokatwa ikabaki humohumo kwenye faili, ndogo lakini inayotambulika. Programu za leo kwa kawaida hukitengeneza upya. Ungedhani somo limeeleweka, lakini mwaka 2023 watafiti Simon Aarons na David Buchanan walionyesha kwamba zana ya kukata picha kwenye simu za Google Pixel ilikuwa ikiandika faili mpya juu ya ile ya zamani bila kufuta mkia wake. Kwenye skrinishoti zilizokatwa, sehemu kubwa ya kilichoondolewa iliweza kurudishwa. Waliiita kasoro hiyo aCropalypse, na muda mfupi baadaye zana ya skrinishoti ya Windows 11 ikagundulika kuwa na ugonjwa huohuo.

Dhana nyingine ngumu kufa ni kwamba ukizima data, picha haitaandikwa eneo. GPS haihitaji intaneti. Setilaiti zake, zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, hutangaza saa na mahali zilipo bila kukoma, na simu husikiliza tu na kupiga hesabu. Haitumi chochote kwenda huko juu. Data na Wi-Fi husaidia simu ijue ilipo haraka zaidi, basi. Kwenye simu nyingi za sasa hata hali ya ndege haizimi kipokezi cha GPS.

Kisha kuna lile la kuamini kwamba kilichoondolewa hadharani kimeondolewa kabisa. Sera ya data ya Facebook ya mwaka 2018 ilitaja waziwazi kwamba kampuni hukusanya metadata kama mahali picha ilipopigwa na tarehe faili ilipotengenezwa. Kifurushi unachowakabidhi kina karatasi. Wanachokipeleka kwa wengine hakina. Na wakati mwingine mtandao wenyewe huiweka anwani hadharani kwa mlango mwingine. Mwaka 2014 Owen Mundy, wa Chuo Kikuu cha Florida State, alitengeneza ramani ya dunia yenye picha milioni moja hivi za paka, kila paka akiwa amewekwa mahali alipopigwa picha. Aliziokota kwenye mitandao kama Flickr na Instagram, na eneo alilipata kwa kuiuliza mitandao hiyo, si kwa kufukua faili. Mwenye picha akibadili mipangilio yake ya faragha, paka wake alitoweka kwenye ramani. Ni utafiti wa faragha wenye manyoya mengi kuliko wowote ninaoufahamu.

Hatari ni kubwa kiasi gani basi? Hapa ushahidi unapungua na simulizi zinaongezeka. Inayorudiwa mno ni ya helikopta nne za Apache zilizodaiwa kuteketezwa kwa mizinga nchini Iraki mwaka 2007 baada ya wanajeshi kupandisha picha zenye eneo. Habari hiyo ilienea kupitia makala ya Jeshi la Marekani ya mwaka 2012 yenye nia ya kuwaonya askari. Labda ni kweli. Lakini mwaka 2007 simu zenye GPS zilikuwa chache, iPhone ya kwanza iliyotoka mwaka huo haikuwa nayo, na adui aliye karibu na kambi hahitaji picha ili ajue helikopta zinatua wapi.

Kuhusu wezi, watafiti Gerald Friedland na Robin Sommer, wa taasisi ya sayansi ya kompyuta iliyoko Berkeley, walionyesha mwaka 2010 kwamba inawezekana kuoanisha eneo lililo kwenye picha za matangazo ya mauzo na anwani za nyumba, hata pale muuzaji alipoficha anwani kwa makusudi. Walithibitisha kwamba mlango uko wazi. Ni wezi wangapi wanaoupitia ni swali jingine, na sioni sababu ya kuamini kwamba mwizi wa kawaida anahangaika na majedwali ya Exif. Anayepaswa kujali zaidi ni mtu ambaye tayari ana anayemtafuta: aliyekimbia mwenza mkatili, mwandishi anayelinda chanzo chake cha habari. Kwa hao faili moja inatosha.

Kuzima ni kazi fupi. Kwenye mipangilio ya simu, inyime programu ya kamera ruhusa ya kutumia eneo. Picha zitakazofuata hazitaandikwa, za zamani zitabaki na zao. Tangu iOS 13, ya mwaka 2019, iPhone inakuruhusu kuliacha eneo nyuma wakati wa kushiriki picha. Android 10, ya mwaka huohuo, ilianza kuzificha programu eneo lililo ndani ya picha mpaka ziombe ruhusa maalumu. Kwenye kompyuta ya Windows, dirisha la sifa za faili lina sehemu ya kuondoa taarifa binafsi. Gharama yake ni kwamba albamu yako haitakupangia picha kwenye ramani tena, na wapo wanaoipenda ramani hiyo kuliko wanavyoiogopa.

Baada ya karatasi kuondolewa, bidhaa yenyewe bado inaonekana. Vibao, milima, upande kivuli kilipolalia: vyote husomeka. Mwaka 2016 watafiti wa Google walieleza mfumo waliouita PlaNet, unaokisia mahali kwa kutazama piseli peke yake. Katika majaribio ya picha milioni 2.3 kutoka Flickr, ulipata nchi sahihi kwa asilimia 28.4, mji kwa asilimia 10.1, na kufikia kiwango cha mtaa kwa asilimia 3.6. Kujifunza kwake kulihitaji picha ambazo majibu yake yanajulikana, na majibu hayo yalipatikana kwa mamilioni, yakiwa yameandikwa tayari kwenye Exif za picha zilizokusanywa mtandaoni.